Mama Léocadie na Giza Tatu za Kocha

Siku ya kwanza nilipomwona mama Léocadie, alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, ameshika beseni ya bluu, anawazuia wavuvi wasishuke kwenye mtumbwi wao. Mimi nilikuwa nimefika Kimanga, kando ya ziwa, juma lile lile kutoka Nyakabere, na baiskeli yangu, nikitafuta kazi ya kubeba samaki kutoka mchangani mpaka sokoni. Nilidhani mama yule amedhulumiwa. Nikamuuliza mtu aliyekuwa karibu anadai nini. Akacheka, akasema hajadhulumiwa na yeyote. Anataka sehemu ya Etwali.

Ndipo nilipoelezwa desturi ya pale. Mtumbwi ukirudi, samaki wanagawanywa: sehemu ya mwenye mtumbwi, sehemu ya nyavu, sehemu ya taa, na sehemu ya kila mvuvi. Watu wa Kimanga waliongeza sehemu moja ya timu yao ya mpira, kana kwamba timu nayo ilikesha majini ikivuta kamba. Timu inaitwa Étoile, lakini kwetu wote wanasema Etwali. Beseni ile ndiyo iliyonunua mipira na chokaa ya kuchora mistari, na ndiyo iliyomlipa kocha. Mama Léocadie alikuwa prezida wa mashabiki, na asubuhi yake ilianza kwa kuangalia kwamba beseni haisahauliki. Mvuvi mmoja alimwambia siku ile kwamba ndagala, wale dagaa wa ziwani, ni wachache, Etwali isubiri kesho. Mama akamjibu kwamba Jumapili timu ya Kalundu ikitufunga, na yeye asubiri kesho ndipo alie. Watu wakacheka, beseni ikajaa nusu.

Tangu hapo nilimbebea mizigo yake miaka mingi. Alikuwa mama mfupi, mwenye mabega mapana na sauti iliyofika mbali. Alizaliwa Makobola, akaolewa Kimanga na beki wa Etwali, na mume alipofariki kwa ugonjwa alimwachia watoto na timu. Watoto walikua wakaondoka, timu ikabaki. Asubuhi alinunua ndagala, akawaanika, akawauza wakikauka. Misa ya Jumapili hakuikosa, na mechi ya baada ya misa hakuikosa pia. Ikipigwa penalti aliligeuzia goli mgongo, akafumba macho na kuniuliza mimi: imeingia? Mimi si mtu wa maneno, nilitikisa kichwa tu, naye alikasirika, kwa kuwa kutikisa kichwa hakuonekani na mtu aliyefumba macho.

Zamani mechi zetu ziliishia kwa mawe. Refa akikosea, au wakisema amekosea, uwanja mzima ulikimbia, na mama waliokuja na watoto mgongoni ndio walioumia. Miaka kadhaa hakuna mwanamke aliyekwenda uwanjani isipokuwa mama Léocadie. Halafu akaja Ndikumana.

Ndikumana alikuwa Mrundi wa Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kitambaa. Alivuka mpaka pale Kavimvira mchana, akafundisha, akarudi kwao jioni. Alichowafundisha vijana kwanza hakikuwa kupiga mpira. Aliwafundisha kwamba refa akipuliza filimbi, nahodha peke yake ndiye anayemsogelea, na mikono yake iwe nyuma. Anayebisha anatoka, hata awe nani. Alimtoa mfungaji wetu mkubwa katika mechi ya Kalundu, tukatoka sare, na nusu ya Kimanga ikamchukia miezi mingi. Lakini mawe yalikwisha. Mama wakarudi uwanjani na vitambaa vyao vya kukalia. Mama Léocadie alisema hadharani kwamba kombe ni kitu kizuri, lakini kukaa mpaka mwisho wa mechi bila kutafuta njia ya kukimbilia ni kizuri zaidi.

Sasa mkataba wake. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kwetu wavuvi hawahesabu kazi kwa tarehe. Wanahesabu kwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawafuati taa, kwa hiyo watu wanapumzika na kushona nyavu. Mwezi ukipotea, wanarudi ziwani, na siku hizo zote pamoja zinaitwa giza moja. Mvuvi anaajiriwa kwa giza mbili au giza sita. Kwa kuwa kocha alilipwa kwa beseni, naye aliajiriwa hivyo hivyo: giza kumi na mbili. Hawakuandika. Walipeana mkono mchangani mbele ya watu, na mama Léocadie akawa shahidi.

Siku ile ya kupeana mkono hakuna aliyefikiri kwamba ziwa linaweza kufungwa. Giza ya tisa ilipokwisha, serikali za nchi zote za ziwa zilikuwa zimekubaliana kwamba samaki wapumzike miezi mitatu ili wazaane. Mitumbwi ikavutwa juu ya mchanga. Hakuna samaki, hakuna mgao, hakuna beseni. Ndikumana hata hivyo aliendelea kuja. Alivuka mpaka na mipira yake, akafundisha, akarudi.

Siku moja mama Léocadie aliniita nyuma ya nyumba yake. Alikuwa na akiba ya ndagala wakavu, magunia aliyoyaweka makusudi tangazo lilipotoka, ayauze ziwa likifungwa, wakati bei inapopanda. Kila mwuza samaki mwenye akili alifanya hivyo. Alinionyesha gunia moja, akaniambia nilipeleke Kavimvira, nimpe Ndikumana, nimwambie ni sehemu yake kutoka Etwali. Alikuwa amesikia kwamba shule moja ya Gatumba inamtafuta, na aliogopa kwamba akikaa na njaa miezi mitatu ataondoka.

"Na usimwambie muntu," alisema. "Weye nimekuchagua kwa sababu hata habari nzuri husemi."

Nilipeleka gunia. Mwezi uliofuata nikapeleka la pili, na uliofuata nikapeleka la tatu. Ndikumana alipokea akasema niwashukuru watu wa ekipe, yaani wa timu. Nilitikisa kichwa.

Ziwa lilifunguliwa wakati mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo watu walikaa mchangani wakirekebisha nyavu na kungoja giza. Katika siku hizo za kungoja ndipo Mahamudi alipokuja na neno lake.

Mahamudi ni mfanyabiashara wa vitenge na saruji. Babu zake walifika ziwani zamani za biashara ya misafara, na nyumba yao ni ya heshima. Hakuja kwa majivuno. Alisema anapenda Etwali tangu utoto, na sasa Mungu amemjalia, anataka kuweka mtaji. Atajenga ukuta wa uwanja, atanunua jezi, atatafuta gari la kuwapeleka vijana Bukavu, wacheze na timu za huko. Sharti lake lilikuwa moja: atakuja na kocha wake mwenyewe, mwenye vyeti, kwa sababu mashindano ya mkoa yanadai vyeti. Na hakutaka kumfukuza mtu mwenye mkataba.

"Sinunui nyumba yenye mupangaji ndani," alisema. "Kama kontra ya mwalimu imekwisha, niko tayari wiki hii. Kama haijaisha, sina kinyongo. Watu wa Kalundu nao wameniomba."

Hilo la Kalundu liliwachoma watu wote. Basi swali likawa moja: miezi ile mitatu ziwa lilipofungwa, ni giza au si giza? Ikihesabiwa, zimetimia kumi na mbili na Ndikumana yuko huru. Isipohesabiwa, amebakiza tatu, na tatu zilitosha kumfikisha mwisho wa mashindano ya mji, na Mahamudi angekwenda zake.

Jumapili baada ya misa tulikutana mchangani, kati ya mitumbwi. Mahamudi aliletewa kiti. Ndikumana aliitwa lakini alikuwa bado hajavuka mpaka. Nilikaa pembeni kwenye baiskeli yangu.

Aliyeanza ni Chadrack, mkuu wa komite, mwenye mitumbwi miwili. Yeye ndiye aliyemtukana Ndikumana kuliko wote tangu ile sare ya Kalundu; alizoea kumwita kocha wa suluhu. Siku ile alisimama akaanza kumsifu. Alisema miezi ile mitatu mwalimu hakukosa hata siku moja. Alisema jua lilipowaka alikuwa uwanjani, na vumbi lilipovuma alikuwa uwanjani, na kwamba kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa hakufanya kazi ni kumvunjia heshima. Alifanya kazi, kwa hiyo giza zihesabiwe, kwa hiyo zimekwisha.

Michée alimwangalia mdomo wazi. Michée ni mvuvi, kijana wa sauti kubwa, na alimpenda Ndikumana kama ndugu. Akasimama akasema kwamba hapana, mwalimu hakufanya kazi yoyote. Alikuwa anakuja kutembea tu. Alikuwa anapunguza kitambi.

"Kitambi gani? Muntu mwembamba kama mulingoti," mtu alisema, watu wakacheka.

"Basi kimepungua," alisema Michée. "Na weye, muzee Chadrack, mwaka muzima unamutukana, leo unamusifu. Muntu anayekupima kimo chako vizuri hivi, angalia mkononi kama hana jembe la kaburi."

Ikawa hivyo mchana kutwa. Waliotaka aondoke walimsifu, kila mmoja akiongeza: alileta dawa ya misuli, alimpeleka golikipa nyumbani kwao alipoumia. Waliotaka abaki walimponda: ni mvivu, alikuwa hana pa kwenda, alikuja kwa sababu mkewe alimfukuza nyumbani. Mgeni angedhani pande zimebadilishana. Mahamudi alisikiliza, akiwageukia hawa na wale, na nilimwona amechanganyikiwa.

Mwishowe alisema kwamba yeye ni mtu wa biashara na kwake jambo ni rahisi. Kazi peke yake haitoshi. Mfanyakazi aliyefanya kazi akalipwa, muda wake umehesabiwa. Aliyefanya kazi bila kulipwa, muda wake bado. Mwalimu alilipwa?

Chadrack aliketi. Komite haikutoa chochote, na wote walijua. Michée akapiga makofi. Nilimtazama mama Léocadie. Alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mtumbwi, mikono mapajani, na siku ile ndiyo peke yake niliyomwona kwenye mkutano wa Etwali bila kusema neno. Jambo lilikuwa limekwenda alivyotaka. Alichopaswa kufanya ni kunyamaza tu, na mimi pia.

Hapo Ndikumana akafika, kofia mkononi. Watu wakampisha. Mahamudi akasimama kumsalimia, halafu akamuuliza, kwa adabu, kama miezi ile ziwa lilipofungwa alilipwa.

"Nililipwa," alisema Ndikumana.

Michée akamwambia afikirie vizuri. Ndikumana akasema hana la kufikiria. Timu hii ilimtendea haki, sehemu yake ilifika kila mwezi, gunia zima, wakati yeye alikuwa hategemei kitu. Alisema nyumbani kwake amewaambia watoto kwamba watu wa Kimanga wana neno. Kisha akageuka akanionyesha mimi, kwamba huyu ndiye aliyeleta.

Wote wakanigeukia. Chadrack akaniuliza nilitumwa na nani. Nilishika usukani wa baiskeli nikaangalia gurudumu. Aliuliza tena.

"Mumuache," alisema mama Léocadie. "Alitumwa na minye."

Alisimama, akajigusa kifua, akaeleza kwa maneno machache: ndagala walikuwa wake, alitoa mwenyewe, komite haikujua. Zikapanda kelele za wote pamoja. Michée alizipita zote. Alifurahi, kwa sababu aliona mlango. Alisema sasa mambo yako wazi kabisa: ekipe haikulipa, mama mmoja ameonea huruma mgeni akampa samaki. Hiyo ni zawadi, na zawadi haihesabiwi.

"Sema ni zawadi, mama," alimwambia. "Sema neno hilo moja twende kula."

Mahamudi naye alisema ni kweli: ikiwa ni zawadi, yeye anainuka na kuaga, bila ugomvi.

Mama Léocadie alimtazama Ndikumana. Na mimi nilimtazama. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu nyuma. Aliyafikiria magunia yale matatu aliyoyapokea akishukuru ekipe. Aliyafikiria maneno aliyowaambia watoto. Watu wote wa mchangani walikuwa wanamwona. Neno lile moja lingempa giza zake tatu, na lingemwacha mbele ya wachezaji wake kama mtu aliyekula sadaka ya mjane akidhani ni mshahara.

Mama alijifunga kitenge upya. Najua alitaka abaki. Hakuna mtu Kimanga aliyetaka kuliko yeye. Halafu akasema:

"Hakuna zawadi hapa. Zawadi tunapeleka kwenye arusi. Huyu alifundisha, Etwali ikamulipa. Minye ni prezida wa Etwali, nimelipa."

"Mama, weye ni prezida wa mashabiki, si wa ekipe," alisema Michée, karibu alie.

"Na ekipe ni ya nani?"

Michée aligeukia ziwa. Mahamudi aliuliza, polepole, kama basi giza zimetimia. Mama, yeye aliyekuwa shahidi siku ya kupeana mkono, akasema zimetimia, kumi na mbili, hakuna inayodaiwa upande wowote. Akakaa.

Ndikumana alipita kati ya watu akaenda mpaka alipokaa mama. Alivua kofia. Alimshukuru kwa malipo, akatumia neno hilo hilo, malipo. Akawaaga vijana mmoja mmoja. Nilimbebea mfuko wake wa mipira mpaka Kavimvira, na njia nzima hatukuongea, maana yeye siku ile alikuwa kama mimi. Mwezi uliofuata nilisikia ameanza kufundisha ile shule ya Gatumba.

Mahamudi alitimiza. Ukuta ulijengwa, jezi zikaja, na gari la kwenda Bukavu likapatikana. Alimwita mama Léocadie dukani akitaka kumrudishia bei ya magunia yake. Mama alikataa. Alimwambia kwamba akimrudishia, itakuwa yeye Mahamudi ndiye aliyemlipa Ndikumana, mtu ambaye Mahamudi hakumfahamu. Mahamudi hakukasirika. Alimwekea kiti cha kwanza uwanjani, chini ya kivuli.

Desturi ya sehemu ya timu ilikwisha yenyewe. Mahamudi alisema timu haihitaji samaki tena, na wavuvi hawakubisha. Kocha mpya aliitwa Pierre, mtu wa Bukavu, mwenye vyeti kweli, na mkali. Tukashinda mechi tatu, tukafungwa mbili. Kila tukifungwa, Michée na wenzake walimzomea Pierre wakitaja jina la Ndikumana, na siku moja jiwe lilitupwa. Halikumpata mtu. Lakini Jumapili iliyofuata mama wengine hawakuja. Michée hakumsalimia mama Léocadie muda mrefu. Alisema ndiye aliyemuuza mwalimu. Mama alisikia, akaendelea kukaa kwenye kiti chake mpaka mwisho wa kila mechi.

Mvua za mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yaliingia kwanza kwenye uwanja wa mama Léocadie wa kuanikia ndagala, kisha jikoni, kisha kwenye chumba. Watu wengi wa kando ya maji walihama. Binti yake Anne-Marie, aliyeolewa Makobola, alikuja kumchukua. Niliisukuma baiskeli mara nyingi siku ile, nikabeba magodoro, sufuria, picha ya marehemu mumewe akiwa amevaa jezi, mpaka barabarani lilipokuwa gari la kwenda Fizi, linalopitia Makobola. Tulidhani atarudi maji yakishuka. Hakurudi. Presha ilimuua huko Makobola kabla ya msimu kwisha, na alizikwa kwao.

Siku ile ya kuhama alipanda mbele, pembeni ya dereva. Aliuliza habari za Noella, binti yangu, na kama goti langu limepona. Halafu aliniuliza Jumapili tunacheza na nani. Nilimwambia ni Kalundu. Akakaza kilemba chake. Dereva aliwasha injini, naye akaniita nisogee karibu na dirisha.

"Baba Noella, yule Pierre akitoka na vijana Jumapili, mumupigie makofi. Si yeye aliyemutoa mwenzake, ni minye. Na weye uanze, upige kwa nguvu, Michée asikie."